Nililipa 1,500 Kwenda Kuangalia Matope: Siku Moja na Wafinyanzi, Naivasha hadi Njoro

Kama hujawahi kulipa shilingi 1,500 kwenda kuangalia matope, keti nikusimulie.

Mambo yalianzia kwenye kundi letu la WhatsApp. Rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatembeza watalii Hell's Gate na Longonot alituma ujumbe: Jumamosi, matatu ya abiria 14, karakana za wafinyanzi kuanzia hapa Naivasha hadi Njoro na kurudi, chakula cha mchana ndani ya bei. Wa kwanza kujibu aliweka vikatuni vya kucheka. Wa pili akauliza kama kutakuwa na nyama choma. Mimi nilijibu "nipo" kwa sababu moja tu: sikuwa na la kufanya. Tangu niache chuo, Jumamosi na Jumatatu kwangu zinafanana.

Niliacha nikiwa mwaka wa pili. Sitasema ni chuo gani, na wala si kisa kirefu. Karo ilikosekana, deni likapanda, nikakosa mtihani mmoja, na aibu ya kurudi ikawa kubwa kuliko aibu ya kutorudi. Siku hizi naandika mtandaoni na kupiga picha za harusi zikipatikana. Majirani wakimuuliza mama yangu niko wapi, husema "yuko likizo." Likizo imefika miaka miwili sasa.

Basi saa moja asubuhi tukakutana stejini, wasee 13 na dereva. Wengi walikuwa wanafunzi na vijana wa kazi za maofisini, wawili walikuwa wapenzi wapya waliovaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenda kwa mfinyanzi. Nikajua siku itakuwa ndefu.

Mfinyanzi unayemjua bila kumjua

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Ni karakana ya mabati nje kidogo ya mji, imejaa vumbi, na ndani yake mzee mmoja na vijana watatu wanafinyanga kitu ambacho sote tulikijua lakini hatukuwahi kukifikiria: ile sehemu ya udongo inayokaa ndani ya jiko la makaa.

"Nani hapa kwao wana jiko hili?" fundi akauliza.

Mikono yote ikapanda.

"Nani anajua hii ya ndani hutengenezwa na nani?"

Kimya. Hata yule mwenzetu anayejua kila kitu alijifanya anaangalia simu.

"Nyinyi mnafikiri ufinyanzi ni mitungi ya kuweka sebuleni," akasema. "Mmepikiwa na mfinyanzi tangu mzaliwe."

Hapo akanimaliza. Jiko hili lenye kiuno chembamba, la bati kwa nje na udongo kwa ndani, lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, ambalo wataalamu na mafundi wa hapa walilibadilisha mpaka likafaa sufuria zetu na ugali wetu unaosongwa kwa nguvu. Mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Shauri Moyo kule Nairobi, wakashika kazi ya bati, na wafinyanzi wakashika ya udongo. Udongo huo huzuia joto lisitoroke pembeni, na ndiyo maana jiko hili hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukililinganisha na lile la zamani la bati tupu. Kwa familia inayonunua makaa kwa mkebe, hiyo ni pesa ya maziwa.

Kazi yenyewe si mchezo. Udongo hulowekwa, huchujwa mawe na mizizi, hukandwa kwa miguu, kisha hukandamizwa ndani ya kalibu ya chuma. Ukitoka kwenye kalibu hauanikwi juani. Hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, polepole, kwa sababu udongo ukikauka hunywea, na unaweza kupungua hadi sehemu moja ya kumi. Ukikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine, unapasuka. Baadaye huingia kwenye tanuri, halafu hushikizwa ndani ya bati kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, ile madini nyepesi inayozuia joto.

Nikamuuliza fundi kama udongo anautoa hapa Naivasha. Alicheka, akaokota kiganja cha mchanga wa kijivu mlangoni na kuuacha umwagike katikati ya vidole.

"Hii ni majivu ya volkano, kijana. Longonot ilitapika, sisi tukajenga juu yake. Ukiweka maji yanapita tu. Udongo wa kufinyanga lazima ushikane. Mimi hununua kwa lori kutoka mbali."

Yaani mtu anaishi juu ya udongo, anafanya kazi ya udongo, na bado ananunua udongo. Niliandika hilo kwenye simu, nikaona kama linanihusu ingawa sikujua kwa nini.

Vigae vya Hyrax Hill

Tukashika barabara kuu ya Nakuru. Tukapita Gilgil, tukapita njia ya kwenda Kariandusi, mahali Louis Leakey alipopata mashoka ya mawe mwaka 1928 na ambapo bado kuna mgodi wa ile ardhi nyeupe inayoitwa diatomaiti. Upande wa kushoto Ziwa Elementaita lilikuwa limelala kama sinia. Wapenzi wa viatu vyeupe walikuwa wamelala pia.

Hyrax Hill iko kilomita chache kabla ya kuingia Nakuru mjini. Nimepita pale mara nyingi sana nikiwa ndani ya matatu na sijawahi kushuka hata siku moja. Mary Leakey alichimba kilima hicho mwaka 1937 na 1938, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965. Ni nyumba ndogo tu. Ndani kuna makabati ya vioo, na ndani ya makabati kuna, pamoja na vitu vingine, vipande vya vyungu.

"Tumetoka Naivasha kuona vigae?" mmoja wetu akanong'ona.

Ni kweli, mwanzoni vinaonekana kama takataka za jikoni. Lakini kaa navyo kidogo. Bonde hili lina mtindo wake wa kale wa ufinyanzi ambao wataalamu wanauita Nderit, kwa jina la mahali karibu na Ziwa Nakuru. Mfinyanzi wake alidonoa udongo mbichi kwa ncha ya kitu, kidonoo baada ya kidonoo, mstari baada ya mstari, mpaka chungu kikaonekana kama kikapu kilichosukwa. Vingine vimekwaruzwa mistari hata kwa ndani, mahali ambapo mboga zingefunika na hakuna mgeni angeona. Mtindo huo umepatikana hadi kandokando ya Ziwa Turkana, na huko umri wake unapita miaka 4,000.

Fikiria hilo kidogo. Miaka 4,000, na mtu alikuwa na muda wa kupamba chungu kwa ndani.

Na kazi hii haikukatika. Kwenye misitu ya Mau, wanawake wa Kiokiek walifinyanga vyungu ambavyo jamii yao ya warina asali ilivitumia, na mtafiti mmoja aliandika kuhusu vyungu hivyo mwaka 1973 akitafuta ndani yake dalili za historia ya kale ya Kenya ya kati. Murang'a, Ukambani na Nyanza, wanawake wamefinyanga kwa vizazi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ufinyanzi ni "kitu cha wazungu wa Karen," mwambie ashuke Hyrax Hill. Hata Karen kwenyewe, kiwanda cha Kazuri kilichoanzishwa na Lady Susan Wood mwaka 1975 kilianza na wanawake wawili tu wakiunda shanga za udongo. Leo shanga hizo zinavaliwa nchi za nje.

Njoro, mji wa wanafunzi

Njoro ni mji wa chuo, huhitaji kuambiwa. Vibanda vya fotokopi, vyumba vya kupanga, chipsi mwitu, na vijana wenye mabegi mgongoni wakitembea kama watu waliochelewa. Chuo Kikuu cha Egerton kilianza hapa mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Mimi nilikuwa nimekaza uso. Mabegi yale yalinikumbusha langu, ambalo sasa limewekwa nguo za baridi juu ya kabati.

Karakana ya pili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ploti ya kupanga. Mwenyewe ni dada wa miaka 27 hivi, amesomea kilimo, akahitimu, akatafuta kazi, akachoka. Ufinyanzi aliuanza kama kitu cha kumtuliza akili. Ana gurudumu la umeme la kufinyangia, rafu za mbao, na tanuri la gesi alilotengenezewa kwa pipa la chuma lililowekwa ndani pamba maalumu ya kuzuia joto.

Aliketi, akapiga donge la udongo katikati ya gurudumu, akalowesha mikono, na kwa dakika mbili au tatu donge likawa bakuli. Sote tukatoa simu. Manze, ni kama mazingaombwe. Halafu akatuachia tujaribu. Bakuli langu liliinuka vizuri, likayumba, likaruka kama chapati. Kila mtu akacheka na mimi nikacheka zaidi yao, maana ukishazoea kuanguka unajifunza kucheka mapema.

Tukiwa bado tunanawa, akatueleza kuhusu moto. Kikombe huchomwa mara mbili. Mara ya kwanza, kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za selsiasi, udongo unageuka kigae kigumu kinachonyonya maji. Kisha huchovywa kwenye uji wa madini ya kung'arisha, hurudishwa motoni, na yale madini huyeyuka yakawa kama kioo juu yake. Gesi ikiisha katikati, kazi ya wiki mbili imekwenda. Maji yakibaki ndani ya udongo, yanageuka mvuke na chungu kinalipuka, na kikilipuka huvunja na jirani zake.

"Tanuri ni kama matatu ya usiku," akasema. "Unapakia, unafunga mlango, unaomba Mungu."

Kisha ikaja ile dakika ambayo huwa inakuja. Mwenzetu mmoja akashika kikombe cha samawati, kizuri ajabu.

"Hii ni ngapi, dada?"

"Mia nane."

"Mia nane! Si dukani napata kikombe na mia? Fanya mia mbili basi, tuko wengi."

Chumba kikanyamaza. Yule dada hakukasirika. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya katoni: udongo, gesi ya mara mbili, madini ya rangi, kodi ya chumba, stima, vikombe vilivyopasuka kati ya kila kumi. Alipofika chini ya karatasi, kilichobaki kwake hakikutosha hata chakula tulichokula pale. Akaweka kalamu chini.

"Ukitaka cha mia, nenda uchukue cha mia. Sitakuchukia. Lakini hiki nikikuuzia mia mbili, mwezi ujao utapata hapa kinyozi."

Mwenzetu alilipa mia nane. Nadhani na haya kidogo alilipa.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya chungu kimoja cheusi chenye shingo ndefu kama ya mtu anayegeuka kuitika. Akatuambia ni kazi ya Magdalene Odundo. Sikuwa namjua, na najua wengi wenu hammjui, kwa hivyo ngoja niseme. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma mambo ya sanaa. Mwaka 1974 alienda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, jinsi ya kujenga chungu kwa mkono bila gurudumu. Mpaka leo hafunikii vyungu vyake kwa kioo cha madini. Huvisugua mpaka ving'ae. Vikichomwa kwenye moto wenye hewa ya kutosha vinatoka rangi ya machungwa. Vikichomwa tena kwenye moto ulionyimwa hewa vinakuwa vyeusi. Kazi zake ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Mtoto wa Nairobi, na udongo.

Tulipokuwa tunaondoka, yule dada akaniuliza, "Na wewe unasomea nini?"

"Mawasiliano," nikajibu. "Mwaka wa tatu."

Ulimi ulitangulia. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ametuonyesha hasara zake zote kwa maandishi, nyuma ya katoni.

Mama wa Kihoto

Tulirudi Naivasha jioni, jua likiwa upande wa Eburru. Kituo cha mwisho kilikuwa kwa mama mmoja anayefinyanga nyuma ya nyumba anayopanga, upande wa juu wa mji. Zamani alikaa mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Alifika Naivasha kama wengi walivyofika, kufuata kazi ya maua, akapanga mashina ya waridi kwa miaka mingi. Ufinyanzi aliletewa na damu: nyanya yake kule Nyanza alikuwa mfinyanzi, naye akiwa mtoto alikuwa akitumwa kubeba udongo.

Hana gurudumu. Hufinya kamba ndefu za udongo, akazizungusha moja juu ya nyingine, akazilainisha kwa kipande cha kibuyu. Husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mpya, ili chungu kivumilie moto. Hachomi kwenye tanuri. Hupanga vyungu chini, akavifunika kwa kuni, samadi kavu na nyasi, akawasha. Nikamuuliza anajuaje moto umetosha bila kipimo. Akaniambia, "Rangi. Chungu kikiwa chekundu kama kaa lenyewe, kimeiva."

Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia Kihoto. Mnakumbuka zile picha, nyumba zimefika dirishani. Mwaka 2025 likaingia tena. Ile mara ya kwanza mama huyu alikuwa na oda ya mitungi ya hoteli. Baadhi ilikuwa imechomwa, mingi ilikuwa bado mibichi inakauka. Maji yaliingia usiku. Aliondoka na watoto na godoro.

"Siku ya tano nilirudi na mtumbwi," akasema. "Ile iliyochomwa niliikuta imesimama vilevile, imejaa maji, mmoja una samaki ndani. Ile ambayo haijachomwa sikuikuta. Hata kipande. Ilikuwa imerudi kuwa matope, sakafu yote."

Hakuisema kwa huzuni. Aliisema kama anayekupa maelekezo ya njia.

Alituandalia chai, na tulicheka tulipoona imeletwa kwa vikombe vya plastiki. Waswahili walisema mfinyanzi hulia gaeni, na naona walikuwa wamemtembelea.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilitaka picha nzuri ya chungu kimoja kikubwa kilichokuwa kivulini, jua likigonga ubavuni. Nikakishika mdomoni, nikakiinua kukisogeza. Mdomo ulibaki mkononi mwangu. Kilichobaki kilianguka kwa sauti ndogo tu, *pu*, kama kitu kilichochoka.

Watu wote walinigeukia. Nikatoa simu, mikono ikitetemeka, nikaanza kusema, "Mama pole, nambari yako ya M-Pesa, ni ngapi, nitalipa, hata kama ni kidogokidogo."

Yule mama akainama, akaokota vipande, akavitia kwenye ndoo ya maji. Akaniita nije nione. Vipande vilianza kutoa mapovu. Pembe zikalainika, zikamomonyoka, na kabla chai haijapoa hapakuwa na chungu wala vipande. Kulikuwa na uji wa udongo chini ya ndoo.

"Hakikuwa kimeenda motoni, mwanangu," akasema. "Kikishaungua hakirudi. Hiki kimerudi. Wiki ijayo ni chungu kingine. Umenipotezea siku mbili tu."

Siku mbili tu. Nikatazama ile ndoo. Sijui kilichonipata, labda uchovu wa safari, lakini nilimwambia. Kwamba mimi siko chuoni. Kwamba nimemdanganya dada wa Njoro. Kwamba mama yangu huwadanganya majirani kwa ajili yangu. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini ploti za Naivasha hazina siri, na nadhani wenzangu walisikia.

Nilitegemea mahubiri. Hakuhubiri. Aliniuliza swali moja: "Deni ni ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikagundua sijui. Miaka miwili nimebeba deni ambalo sijawahi kuuliza ni ngapi. Barua pepe zilikuja, nikawa nazifuta bila kuzifungua.

"Basi huna deni," akasema. "Una woga. Deni lina nambari."

Najua unachofikiria, msomaji, na mimi nilikifikiria pia. Maisha si udongo. Karo haiyeyuki kwa kutiwa kwenye ndoo. Kuna vijana walioacha chuo ambao hawawezi kurudi hata wakiwa na ujasiri wa simba, kwa sababu pesa hakuna, basi. Sitaki mtu asome hapa aseme nimemwambia kwamba shida yake ni woga. Nasema yangu tu.

Dereva akapiga honi. Mama akanipa donge la udongo saizi ya ngumi. "Udongo uwahi ungali maji," akasema, methali ambayo nilikuwa nimeikariri shuleni kwa ajili ya mtihani na sikuwa nimewahi kushika udongo wenyewe. Nililifinya kwenye matatu, gizani, mpaka nikafika stejini. Likawa kibakuli kidogo kilichopinda.

Ukitaka kwenda

Huhitaji kundi wala kampuni ya utalii. Nenda na marafiki wanne, mchange nauli. Lakini haya nimeyajifunza kwa aibu, yachukue bure:

Piga simu kabla. Karakana si duka, na siku ya kuchoma hakuna anayetaka wageni.

Usiinue chungu kwa mdomo. Kishike chini, kwa mikono miwili. Unajua kwa nini.

Ukinunua, kigonge kwa kidole. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti butu, kina ufa.

Chungu kipya cha kupikia chemshia kwanza uji mwepesi, ili wanga uzibe matundu madogo. Anza na moto mdogo, na usikitoe motoni ukakiweka kwenye sakafu yenye maji.

Mtungi wa maji chagua usiong'arishwa. Maji hupenya polepole kwenye ngozi yake na kukauka kwa nje, na hapo ndipo unapopata ule ubaridi ambao friji haiuwezi.

Na kabla ya kusema "punguza," uliza kimechukua siku ngapi.

Jumatatu

Jumatatu nilipiga simu chuoni. Niliulizia salio langu, nikashikilia laini dakika kumi na tano nikisikiliza muziki. Kisha mtu akanisomea nambari. Si ndogo. Si ile pia niliyokuwa nikiiota usiku. Niliuliza kama wanakubali kulipwa kwa awamu, nikaambiwa nije ofisini tuongee, na nije na barua. Sijui itakuwaje. Nimeiandika barua. Jioni nilimwonyesha mama yangu, akaisoma mara mbili, akaenda jikoni bila kusema kitu. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani uani, "Hapana, hayuko likizo. Anajaribu kurudi."

Yule dada wa Njoro nilimtumia ujumbe pia, nikamwambia ukweli. Alijibu kwa maneno mawili: "Karibu tena."

Jumamosi hii narudi kwa mama wa Kihoto kuponda udongo. Ndiyo malipo tuliyokubaliana kwa chungu nilichovunja, siku mbili za kazi. Kibakuli changu kilichopinda kiko kwake kivulini, kinakauka polepole. Atakichoma na vingine wiki ijayo. Ameniambia mapema kwamba kuta zake si sawa, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, na huenda moto ukakikataa.

Nimemwambia akiweke tu.